Mgeni wa Nani?

Msomaji, kama kwenu ni Kitui au Makueni, bila shaka umepata kumwona Mmarekani aliyekuja kukaa muda mrefu. Labda ni mganga katika hospitali ya misheni, labda ni mwalimu wa kujitolea, labda ni mtaalamu wa udongo anayezunguka mashambani na mifuko yake, au ni mzee aliyekwisha acha kazi kwao, akapendezwa na hewa ya vilima vya Mbooni. Siku za kwanza watoto humfuata njiani. Kisha humzoea, na baada ya miezi michache wanawake wa sokoni humtajia bei ile ile wanayomtajia mtu wa hapo. Kila mtu ajua mgeni huyo alala wapi na ala nini, lakini ni wachache waliopata kujiuliza anakaa kwa ruhusa ya nani.

Utanijibu kwamba ni ruhusa ya Serikali, na hivyo ndivyo. Tangu Januari 2024 mgeni wa namna hiyo huomba idhini ya kuingia Kenya kwa njia ya mtandao kabla hajapanda ndege, na akifika hupewa ruhusa ya mgeni, ambayo kwa kawaida haipiti miezi mitatu. Aweza kuomba aongezewe, ila jumla yake isizidi miezi sita. Baada ya hapo hapana budi aondoke, au atafute kibali cha namna nyingine. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka wa 2011 imevipanga vibali hivyo kwa herufi: aliyeajiriwa ana herufi yake, mfanyabiashara ana yake, watu wa dini na wa kazi za huruma wana herufi I, na mtu aliyetimiza miaka 35, mwenye pato lake la hakika, asiyekuja kutafuta kazi kwetu, ana herufi K. Mambo haya si ya Kenya peke yake. Huko Mexico, ambako Wamarekani wengi hupenda kwenda kukaa miezi ya baridi au kumalizia uzee wao, mgeni aweza kupewa hadi siku 180, na akitaka kuzidisha hapo yampasa aombe ukaazi. Kila nchi ina hesabu yake ya siku.

Lakini sikukusudia kukufundisha kujaza fomu. Nataka nikuonyeshe kwamba swali la ruhusa ya kukaa liliulizwa Ukambani zamani sana, kabla ya kuwako ofisi wala muhuri, na kwamba katika muda usiotimia miaka mia moja aliyekuwa akiombwa ruhusa aligeuzwa akawa mwombaji katika nchi yake mwenyewe. Habari hii haijulikani sana na vijana, nami naona ni hasara.

Tuanze pwani, maana karatasi zilianza pwani. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said, Sultani wa Maskati na Zanzibar, alitia sahihi mkataba na mjumbe wa Marekani aliyeitwa Edmund Roberts. Kwa mkataba huo Wamarekani walipata haki ya kufanya biashara katika bandari za Sultani kwa ushuru wa 5 kwa mia, na kumweka balozi wao mdogo. Naye wa kwanza, Richard Waters, alifika Zanzibar mwaka wa 1837. Ndiyo asili ya nguo ya merikani, ambayo jina lake bado lakumbusha nchi ilikotoka. Misafara ya Wakamba iliyoteremsha pembe za ndovu Mombasa ilirudi bara na nguo hiyo. Kwa hiyo yaweza kusemwa kwamba kitambaa cha Marekani kilifika Kitui miaka mingi kabla hajafika Mmarekani mwenyewe, nacho hakikuombewa ruhusa na mtu.

Mzungu wa kwanza tunayejua kwa hakika kwamba alifika Kitui hakuwa Mmarekani, bali Mjerumani, Dakta Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyetumwa na chama cha Kiingereza. Alipofika Zanzibar mwaka wa 1844 alikuwa amekwisha onja uchungu wa mtu aliyefungiwa mlango, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi katika ufalme wa Shoa huko Uhabeshi, akatoka kwa safari fupi, na alipotaka kurudi akakatazwa. Huenda kwa sababu hiyo alijua thamani ya barua. Sayyid Said alimpokea vema, akamwandikia waraka kwa maliwali wake wa pwani kwamba mtu huyu ni mtu mwema na atendewe mema. Kwa waraka huo Krapf alikaa Mombasa, na huko katika mwaka ule ule wa 1844 alimzika mke wake na mtoto wao mchanga. Na kwa waraka huo huo akapata baadaye kufungua kituo cha Rabai, pamoja na mwenziwe Johannes Rebmann.

Sasa angalia neno hili, msomaji. Waraka wa Sultani ulikuwa na nguvu mahali walipokuwapo maliwali wa Sultani. Ukitoka Rabai, ukapita nyika ya Taru na kuingia Ukambani, ulikuwa karatasi tu. Wakamba hawakuwa na sultani, wala hawakumtambua wa mwingine. Mambo yao yaliamuliwa na wazee katika baraza za utui, yaani kijiji na majirani zake, na kila mtu alijulikana kwa mbai yake, yaani ukoo. Mgeni aliyefika aliulizwa amefikia kwa nani. Kama alikuwa na mwenyeji, mwenyeji huyo ndiye aliyekuwa cheti chake. Akiibiwa, mwenyeji aliona haya. Akifanya ubaya, mwenyeji alidaiwa. Asiyekuwa na mwenyeji hakuwa mgeni bali mpita njia, na mpita njia katika siku zile za vita na unyang'anyi alikuwa mtu wa hatari au mtu wa hatarini.

Mwenyeji wa Krapf alikuwa Kivoi. Huyu alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe, mwenye watu wengi na mali nyingi, aliyezoea kuongoza misafara hata pwani, na huko pwani ndiko walikojuana. Krapf alitoka Rabai Novemba 1849, akasafiri zaidi ya majuma matatu, akamfikia Kivoi Kitui. Alipokelewa kama apokelewavyo mgeni wa mtu mkubwa. Kivoi alimsimulia habari za nchi zilizo mbele, na za mlima mrefu wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalipofunguka Krapf aliuona kwa macho yake akiwa Kitui. Jina alilolisikia kwa Wakamba aliliandika kwa namna yake, na kutokana na maandishi hayo nchi yetu yote imepata jina la Kenya. Wataalamu wengi wa Ulaya walimcheka, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wao hawakuwa wageni wa Kivoi.

Mwaka wa 1851 alirudi, na mara hii nia yake ilikuwa ni kukaa. Alitaka kufungua kituo huko Yatta. Wapagazi wake wa Rabai walimjengea kibanda kibovu kwa haraka, kisha wakataka kwenda zao, kwa kuwa hofu ya wanyang'anyi ilikuwa imewaingia njiani. Krapf akabaki katika kibanda ambacho hakikumfaa hata kwa kulala sawasawa, kati ya watu waliokuja kumtazama mchana kutwa. Akaona heri aende kwa Kivoi, akaungana naye katika safari ya kwenda Mto Tana. Mwishoni mwa Agosti, walipokuwa wanaukaribia mto, wanyang'anyi waliwashambulia. Watu wa Kivoi wakatawanyika, na Kivoi mwenyewe akauawa.

Fikiri hali ya Krapf saa ile. Alikuwa peke yake porini, na kiu ilimshika hata, alipoufikia Tana, aliujaza maji mfuko wa ngozi wa darubini yake na mitutu ya bunduki yake apate kuyachukua. Lakini kiu haikuwa hatari kubwa kuliko zote. Alipowarudia watu wa Kivoi walimwuliza: imekuwaje mwenyeji afe na mgeni apone? Kwa nini hukumlinda, au kufa pamoja naye? Mali yake ikachukuliwa, na wako waliosema auawe. Alitoroka usiku, akalala vichakani mchana, akala alichokiokota, na baada ya mateso mengi akapata njia ya kurudi Yatta, na kutoka huko hadi Rabai.

Wako waandishi ambao huisimulia habari hii kama kisa cha Mzungu shujaa kati ya watu wakali. Mimi nasema wamesoma nusu tu. Watu wa Kivoi walikuwa wanaifuata sheria waliyoijua. Ruhusa ya Krapf ilikuwa Kivoi mwenyewe, na Kivoi alipokufa, ruhusa ikafa pamoja naye. Leo afisa wa uhamiaji angesema muda wake umekwisha. Tofauti ni kwamba muhuri wa siku zile ulikuwa uhai wa mtu, na mgeni alitazamiwa kuutetea kama uhai wake. Sheria hiyo ilikuwa na ukali wake, nami siisifu kwa kila jambo. Lakini ilikuwa sheria.

Wamarekani wenyewe walifika miaka 44 baadaye, katika nchi ambayo leo ni Makueni. Kiongozi wao alikuwa Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Scotland aliyelelewa Marekani. Yeye na wenziwe, jumla yao watu wanane, waliteremka Mombasa Oktoba 1895, wakaenda bara kwa miguu pamoja na wapagazi, kwa maana reli haikuwa imeanza kujengwa, na Desemba wakasimama Nzaui, chini ya mlima ule wa jabali ambao hata leo msafiri huuona kutoka mbali. Hapo ndipo ilipoanza misheni ambayo matunda yake ni kanisa linalojulikana kwa kifupi kama A.I.C.

Walifika wakati wa ajabu. Katika mwezi wa Juni mwaka ule ule Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetangaza kwamba nchi kutoka pwani hata bara ni himaya yake, na watu wa Nzaui hawakuulizwa neno. Kwa hiyo wageni hawa walikuwa na ruhusa mbili: ya Waingereza, waliokuwa na boma lao Machakos, na ya wazee wa mahali, waliokuwa na maji, chakula na njia. Ya kwanza iliwaruhusu kuwako. Ya pili iliwawezesha kuishi. Wala haikutosha kuwakinga na homa. Scott alikufa Desemba 1896, mwaka mmoja tu tangu kufika, hajatimiza hata miaka 30. Na katika miaka michache iliyofuata wenziwe wengine walikufa, wengine walirudi kwao, hata kazi ikakaribia kukatika. Kisha ikaja njaa kubwa ya 1898 na 1899, ambayo Wakamba huiita Ngomanisye, ikawaua watu wengi mno, na nguvu za wenyeji kukataa jambo lolote zikapungua.

Tangu hapo mambo yaligeuka upesi, na sehemu hii ndiyo nitakayo uisome polepole.

Katika desturi ya Wakamba ardhi ilikuwa na majina yake. Shamba lililolimwa na mtu na watoto wake ni ng'undu, nalo lilikuwa lake. Malisho aliyoyashika ni kisesi. Lakini nchi tupu iliyoenea mbele ya makao ya watu iliitwa weu, nayo ilikuwa ya wote: Mkamba yeyote aliweza kuingia na ng'ombe wake, akajenga boma la muda, kyengo, akakaa msimu au miaka, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Nchi ya juu ya Yatta, ile tambarare ndefu iliyo kando ya Mto Athi, ilikuwa weu. Wakati wa ukame ndiko ng'ombe walikopona.

Serikali ya kikoloni haikulijua neno weu. Kwa sheria za ardhi za mwaka wa 1902 na wa 1915, nchi isiyokaliwa daima ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wakamba wakachorewa mipaka ya akiba zao, na Yatta ikabaki nje ya mpaka. Basi ilipokuja kiangazi, mzee ambaye baba yake alilisha Yatta bila kumwomba mtu alilazimika kwenda kuomba kibali cha muda, na kulipa ada kwa ajili ya ng'ombe wake, na kuambiwa siku ya kuwatoa. Soma tena, msomaji: kibali cha muda, ada, na siku ya kuondoka. Hayo ndiyo masharti ya mgeni. Krapf alipotaka kukaa Yatta mwaka wa 1851, yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Haikupita miaka 80, na wajukuu wa wale waliomtazama kibandani mwake wakawa ndio wageni wa Yatta.

Na mtu mwenyewe pia alifanyiwa kama ng'ombe wake. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka wa 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu tangu mwisho wa 1919, vita ilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alipaswa kuwa na kipande. Ilikuwa karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la bwana aliyemwajiri, siku aliyoanza kazi, mshahara wake, na siku aliyoachwa. Karatasi ilitiwa katika kijaluba cha bati, na kijaluba kikaning'inizwa shingoni. Aliyekwenda kutafuta kazi Nairobi au katika mashamba ya Wazungu hakuweza kuajiriwa kama bwana wake wa kwanza hakutia sahihi kwamba amemwachilia. Akitoroka, kipande kilimtoroshea siri yake, kwa kuwa polisi yeyote aliweza kukifungua na kukisoma. Wazee wengi waliokivaa walikichukia kuliko kodi yenyewe. Kodi ilichukua fedha mara moja kwa mwaka; kipande kiligonga kifua kila hatua.

Wazungu na Wahindi hawakuvaa kitu kama hicho. Sheria mpya ya mwaka wa 1947 iliagiza kwamba watu wa mataifa yote waandikishwe, na wote watoe alama za vidole. Hapo likatokea jambo ambalo wanafunzi wangu hulicheka kila mwaka nikilifundisha. Wazungu wengi walikasirika mno, wakasema kutiwa wino vidoleni ni aibu, ni kufanywa kama mhalifu. Kelele zilizidi hata Serikali ikaunda tume, chini ya Sir Bertrand Glancy, na mwisho wake aliyeweza kusoma na kuandika Kiingereza akaruhusiwa kutoa picha na sahihi yake badala ya vidole. Jambo lililokuwa desturi kwa Mwafrika tangu 1919 liligunduliwa kuwa aibu baada ya miaka 30, lilipomfikia mwingine.

Wakamba hawakunyamaza wakati wote huo. Mwaka wa 1938 Serikali ilipoanza kuwachukua na kuwauza ng'ombe kwa nguvu, ikidai kwamba wamezidi na wanaiharibu nchi, watu wa wilaya ya Machakos, ambayo siku hizo iliingiza Makueni yote ndani yake, walikwenda Nairobi kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, wakakaa huko majuma kadhaa wakitaka kusikilizwa na Gavana mwenyewe. Hawakuwa na miadi wala cheti cha kuitwa. Kiongozi wao mmoja, Muindi Mbingu, alikamatwa, akapelekwa Lamu. Yeye hakunyimwa ruhusa ya kukaa, bali aliamriwa kukaa, katika mji asiouchagua, mbali na watu wake. Hata hivyo mwisho wa mwaka Serikali iliacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ilifyeka pori la Makueni ili kuwafukuza mbung'o, ikawakaribisha Wakamba waliobanwa vilimani wateremke wakalime huko. Ungedhani watu wangekimbilia. Hawakukimbilia. Wengi waliogopa kwamba pori likiisha kuwa shamba zuri litapewa Wazungu. Na waliokubali walipewa viwanja kwa masharti: ng'ombe wasizidi idadi fulani, makinga maji yachimbwe, na asiyetii aweza kutolewa. Sitasema kwamba masharti hayo yote yalikuwa mabaya. Makinga maji yameokoa udongo mwingi, na Makueni ya leo, pamoja na maembe na machungwa yake, yategemea kazi ile. Lakini mtu hulima kwa moyo mwingine anapojua kwamba aweza kufukuzwa. Karibu na wakati huo, mwaka wa 1948, nchi pana ya kusini ilitengwa kuwa Hifadhi ya Tsavo, na Mkamba aliyezoea kuwinda na kurina asali mle akawa mkosaji akionekana ndani. Mtalii kutoka Marekani aliweza kulipa kiingilio na kupita langoni.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963 ruhusa ilirudi mikononi mwa wenye nchi, na Sheria ya Uhamiaji ya mwaka wa 1967 iliagiza kwamba asiye raia awe na kibali cha kukaa na kufanya kazi. Wengi walioguswa nayo hawakuwa wasafiri waliofika jana. Walikuwa watu wa asili ya Bara Hindi, wengine wazaliwa wa hapa, ambao hawakuchukua uraia katika miaka miwili waliyopewa. Mtu aliyezaliwa nyuma ya duka la babaye akajikuta anaomba kibali cha kuliuzia. Maelfu waliondoka kwenda Uingereza, na Uingereza nayo, mapema mwaka wa 1968, ikatunga sheria ya haraka ya kuwazuia, ingawa pasipoti walizozishika zilikuwa za Kiingereza. Sisi tulioumizwa na kipande tulipaswa kuliona jambo hili kwa macho makali zaidi kuliko tulivyoliona.

Siku hizi njia ya kwenda na kurudi kati ya Ukambani na Marekani ni ya pande mbili. Huenda una shangazi Texas, au kaka anayesoma Minnesota. Mama yako akitaka kwenda kumwona mjukuu, atakwenda kwanza ubalozini Nairobi, ataulizwa maswali dirishani, na itampasa aonyeshe kwamba atarudi. Kwa kuwa sheria ya Marekani, tangu mwaka wa 1952, humhesabu mwombaji wa safari ya namna hiyo kuwa mtu anayetaka kuhamia, mpaka yeye mwenyewe athibitishe sivyo. Akifaulu, afisa wa kule huweza kumpa miezi sita. Mmarekani anayekuja Kitui huomba akiwa nyumbani kwake, mbele ya kompyuta, wala hapana amwulizaye kama ana shamba na watoto wa kumrudisha. Mizani hii haijalingana, na ukikua ukapata kazi katika ofisi zinazohusika, hapo utakuwa na la kusema.

Lakini katika maombi ya mgeni ajaye kwetu limo jambo moja ambalo Kivoi angelitambua. Anayetaka kibali cha herufi I hawezi kujiombea kwa neno lake tu: ni lazima kanisa au chama kinachomleta kiandike barua na kumjibia. Na hata yule anayekuja kutembea tu huulizwa katika ombi lake atafikia wapi. Asiyelala hotelini hutaja nyumba atakayofikia. Basi Mmarekani anayekwenda kukaa kwa rafiki yake Mutomo, kabla hajafungasha nguo, huandika kwanza jina la Mkamba.